Nati Isiyokataa

Jumatatu, 7 Julai

Mazutu, hii dizeli ya kuoshea vyuma, mikononi tangu saa moja. Nimeosha ekseli ya mbele ya jipu la mama mkwe mara mbili na bado inatoa matope. Hili si gari, ni shamba la mihogo.

Upande wa kulia gujo moja imekatika. Mbili zinacheza. Gujo ni zile bolti zisizo na kichwa, zenye nyuzi ncha zote mbili. Ziko nne kwa kila gurudumu la mbele, na ndizo zinazoushika mkono wa usukani. Zikikatika zote, dereva anakata kushoto na gurudumu linakwenda linakotaka. Njia ya Mulongo ina miteremko ambako gurudumu likienda linakotaka, watu wanakwenda korongoni.

Kabamba alilileta Jumamosi. Akaliacha getini, ufunguo juu ya boneti, akaondoka bila salamu. Huyu ni kaka ya mke wangu, na ndiye dereva. Miwani ya jua hata asubuhi. Manukato. Honi. Miaka miwili iliyopita nilimwagiza jambo moja tu: kila safari, kaza nati. Hakukaza. Uvivu wake umekata chuma. Simpendi, sikumpenda siku ya posa, na leo nina sababu.

Jumanne, 8 Julai

Mama mkwe amekuja kuangalia gari lake. Nimesikia sauti yake getini, nikaingia chini ya jipu. Kwetu Baluba mama mkwe haangaliwi usoni, hasemezwi ana kwa ana. Neno linapita kwa mtu wa tatu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, namjua mwanamke huyu kwa visigino.

Leo visigino vimezunguka jipu mara tatu. Nimelala chini saa nzima bila kazi, nagonga gonga kitu ili nionekane natengeneza.

Habari imekuja kwa mdomo wa mke wangu, Mujinga. Jipu lazima liondoke Alhamisi ijayo, tarehe 17, kwenda Mulongo kuchukua samaki. Na binti yetu Ngoie, shule imefungwa, atakwenda likizo na bibi yake. Ngoie ana miaka minane na amepewa jina la bibi. Wanaitana majina, yaani somo. Bibi akisema majina yangu atapanda, basi atapanda.

Nimesema kutoka chini ya gari kwamba mtoto wangu hapandi kitu hiki mpaka mimi niseme. Nimesikia Mujinga akitafsiri: anasema atajitahidi, mama. Mke wangu ni chujio. Maneno yenye uzito hubaki kwake, maji ndiyo yanapita.

Hasira imenimalizia hamu ya kula.

Jumatano, 9 Julai

Sokoni na tupa mfukoni. Sinunui chuma bila tupa.

Mfanyabiashara mmoja, mtu wa familia za zamani za Maniema, ana bolti mpya zinazong'aa. Kichwani zimegongwa 10.9, nambari ya kusema chuma hiki ni kigumu. Ningekata kichwa, ningetia nyuzi, ningepata gujo. Nimeomba nijaribu. Tupa imekula kama sabuni. Debe tupu haliachi kuvuma. Nambari ni maandishi tu, na kuandika hata Ngoie anajua.

Nilitaka kugombana. Mzee amenikosesha hata hilo. Ametazama unga wa chuma mezani, akafunga boksi zima, akasema litarudi kwa aliyemletea. Kisha kwa upole akaniambia gujo za kweli za jipu la namna ile anazo Mama Elodi, kule njia ya Base, kambi ya jeshi. Mjane wa askari fundi. Marehemu aliacha sanduku zima.

Ninajua anazo. Siendi kwa yule mwanamke.

Alhamisi, 10 Julai

Kwa nini nihangaike? Nitachonga mwenyewe. Hizi zilizomo nilizichonga mwenyewe pia, kwa bolti chakavu za reli. Baba alikuwa mtu wa reli maisha yake yote. Aliniachia tupa hii, kofia, na ndoo ya bolti. Kamina nzima inajua: kilichoshika treni hakiwezi kushindwa na jipu. Mafundi wote hapa wanachonga kwa chuma cha reli. Wa mji mwingine wanunue vya dukani, sisi tunavyo miguuni.

Nimekwenda kwa jamaa mwenye mashine ya kukereza chuma. Umeme hakuna. Labda Jumamosi, anasema, na anakunywa chai kama mtu aliyelipwa kwa kungoja.

Siku saba zimebaki.

Ijumaa, 11 Julai

Nimegombana na Kabamba mbele ya watu. Nimefurahi nusu saa. Sasa sifurahi.

Alipita kuuliza gari. Nikamtupia ile gujo iliyokatika miguuni. Nikamwambia asante kwa uvivu wako, ungemuua mama yako mzazi. Jirani wakasogea. Nikaendelea. Nikamwambia spana haiumi mtu, hata mwenye kucha safi anaweza kuishika.

Akavua miwani. Sikumbuki lini nilimwona macho mara ya mwisho.

"Minyi nilikaza kila safari, shemeji," akasema. "Kila safari nati ilikubali tena."

Nikamwita mwongo. Akalala chini na shati lake jeupe, akaingia chini ya jipu, akaniita niangalie nati za upande wa kushoto, ambazo sijazigusa. Kuna vistari vyekundu. Rangi ya kucha ya mke wake. Kila akikaza alikuwa anachora kistari kwenye nati na kingine kwenye chuma cha pembeni, ajue kama imesogea. Nati moja nimehesabu vistari tisa. Vimezunguka kama watoto kwenye mchezo.

Amekung'uta shati, amevaa miwani, ameondoka. Watu wakabaki wananitazama mimi.

Nati inayokubali kila safari. Sitaki kuliwaza neno hilo.

Jumamosi, 12 Julai

Umeme umerudi. Sikwenda kuchonga.

Nimetoa gujo zote saba zilizobaki na ile iliyokatika. Nimezilaza juu ya kitambaa, nikazipima moja moja. Zote ni nyembamba katikati. Zina shingo. Nimepitisha tupa ya baba. Imekula. Sawasawa na zile za sokoni. Labda zaidi.

Nati ikishafika mwisho wake inatakiwa ikatae. Ukiweka spana, ikuambie hapana. Inayokubali kila safari haikazwi, ni gujo inavutika, kila safari kidogo, mpaka siku yake. Kabamba alikuwa anakaza kwa uaminifu, na kila alivyokaza alikuwa anaimaliza. Kwa agizo langu.

Bolti ya reli inashika treni kwa sababu ni nene kama dole gumba la mguu la baba yangu. Unene ndio nguvu yake. Chuma chenyewe ni laini, kiliumbwa kiwe laini, kisipasuke treni inapopita. Mimi nikaukata unene wote kwenye mashine, nikabaki na sifa. Nikaziweka kwenye gari la mama mkwe na nikatembea mjini kifua mbele.

Nyani haoni kundule. Wiki nzima nimemtukana mtu kwa kosa langu.

Najichukia kuliko nilivyomchukia Kabamba.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nimeimba kwa hasira. Ngoie ameniuliza kama Mulongo kuna viboko. Nimesema wako. Ameshapanga nguo zake kwenye mfuko.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda kwa Mama Elodi.

Niandike kwa nini sikutaka. Mwaka jana alikuja kwangu na gujo zake, akaniuliza kama nahitaji. Palikuwa na watu. Nikamwambia mimi ni mtoto wa reli, vichakavu vya askari awapelekee wenye njaa. Watu wakacheka. Mume wake alikuwa amekufa miezi minne tu. Nililijua hilo wakati nasema.

Meza yake iko kando ya njia: sabuni, betri, mafuta ya mawese, na chini ya meza lile sanduku. Ametoka jimbo la Équateur, amezunguka nchi nzima nyuma ya mume, Kiswahili chake kina vumbi la kila kambi. Alinitambua kabla sijafika. Alinipa mgongo, akapanga sabuni zilizokwisha kupangika.

"Ile chuma ya reli iko wapi leo?" akauliza.

Nikasema imekatika. Akataka niseme kwa sauti. Palikuwa na wanawake watatu wananunua. Nikasema kwa sauti: imekatika, nilikosea chuma, na nilikukosea wewe.

Hakunisamehe. Alifungua sanduku tu. Gujo tisa, kila moja imefungwa kwa karatasi yenye grisi, na vikoni vyake, vile vipete vya kubana. Marehemu alizifunga mwenyewe, mtu anaona. Nikaomba kutumia tupa, nikidhani atanifukuza. Akasema mume wake naye hakumwamini mtu. Tupa imeteleza. Imeacha mkwaruzo mwembamba wa kijivu, basi. Nikaibana moja kwenye jiliwa la jirani, nikaipiga nyundo, maana chuma kigumu kupita kiasi nacho ni adui, kinavunjika kama kioo. Imepinda kidogo. Haikupasuka. Hiki ndicho chuma. Sijashika kitu kizuri hivi mwaka huu.

Zimebaki nane. Nane ndizo ninazohitaji.

Nikatoa pesa. Akazisukuma.

"Minyi hapana tafuta feza yako," akasema. "Natafuta nafasi mu jipu. Kila safari. Nami niuzishe samaki."

Kabamba hapandishi wanawake wa Base. Si yeye, ni mama yake ndiye hataki. Alikwisha sema watu wa kambi leo wako, kesho wamehamishwa na deni lako. Hilo hata Mujinga hawezi kulichuja.

Nimerudi na gujo moja tu, kama ushahidi. Zile saba amezirudisha kwenye sanduku na kukaa juu yake.

Jumanne, 15 Julai

Nimemweleza Mujinga yote. Alisikiliza huku anachambua matembele. Kisha akasema ni rahisi, atamwambia mama kwamba chuma kimezeeka tu, na huyo mjane ni rafiki wa shangazi. Ameutunga uongo wote kabla matembele hayajaisha. Ni kipaji.

Nilitaka kukubali. Niandike ukweli hapa angalau: nilitaka sana.

Halafu akaniambia la pili, polepole. Maneno yangu ya Ijumaa yamefika kwa mama. Amesema baada ya safari hii Kabamba atatoa ufunguo. Mama atatafuta dereva asiye mvivu. Kabamba hajajitetea. Ana watoto watano na hajui kazi nyingine ila barabara.

Basi uongo wa Mujinga hautoshi. Chuma kikiwa kimezeeka tu, aliyeacha kizeeke ni dereva.

Desturi iko. Mwenye neno zito kwa mkwe hutanguliza kuku. Kuku akipokelewa, kinywa kimefunguliwa, mara moja. Ninaye jogoo mwekundu. Ngoie anampenda. Pole yake.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda asubuhi. Amepokea jogoo kwa mkono wa mjukuu mwingine. Nikawekewa kigoda uani, nikakaa nimempa mgongo. Yeye yuko mlangoni, nasikia pumzi yake. Kabamba alikuwa ameegemea ukuta.

Nilisema yote nikiutazama mti wa mapera. Kwamba gujo nilizichonga mimi. Kwamba chuma cha reli nilikichagua kwa majivuno, si kwa kupima. Kwamba Kabamba alikaza kila safari na ninayo alama ya vistari vyake. Kwamba nimemwita mvivu mbele za watu nami ndiye niliyekuwa nawapandisha wote kwenye kifo, yeye, mama, samaki wote. Kwamba gujo nzuri ziko kwa mjane wa Base na anataka nafasi.

Jogoo akawika ndani, mjinga yule.

"Kabamba aliniambia," akasema. "Tangu mwaka jana. Alisema, mama, hii nati inakubali sana. Minyi nikamujibu: weye ni dereva tu, shemeji yako njo anajua chuma."

Hilo sikulitegemea. Afadhali angenitukana. Aliniamini mimi akamdharau mwana aliyemzaa, na mwana alikuwa amesema kweli. Nilisikia Kabamba akikohoa.

Kisha akatoa hukumu, bila kupandisha sauti. Mama wa Base aje na sanduku lake, atapewa nafasi, na bei ya samaki watasemezana wao wanawake. Ufunguo unabaki kwa Kabamba.

"Na weye utakuwa mu jipu," akasema. "Utaikala mbele, upande wa ile gurudumu. Majina yangu utamupakata."

Mkwe na mama mkwe gari moja. Haijawahi kuonekana kwetu. Nilifikiri sikusikia vizuri, lakini alikwisha inuka, visigino vinaingia ndani.

Mchana tumefunga gujo nane, mimi na Kabamba. Nilimwomba msamaha chini ya gari, tukiwa tumelala ubavu kwa ubavu. Akasema, pitisha spana ndogo. Nimepitisha. Sina haki ya kudai zaidi.

Nati ya mwisho nilimwachia yeye. Alikaza mpaka ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa. Akatoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni, akachora vistari kwenye nati zote nane.

Alhamisi, 17 Julai

Njiani. Naandika gotini, gari likirukaruka, Ngoie amelala kifuani kwangu. Nyuma, mama mkwe amejifunika kitenge uso mzima ili nisimwone. Mama Elodi kakaa pembeni yake na hawasemezani.

Kwenye mteremko wa kwanza sikupumua. Gurudumu liko chini ya mguu wangu kabisa, ninalisikia. Nilimkumbatia mtoto mpaka akalalamika usingizini. Kabamba alikata kushoto na sisi tukaenda kushoto.

Mteremko wa pili nao. Kabamba amepiga honi korongoni, bila mtu wa kumpigia. Nimeiacha ipite.

Ijumaa, 18 Julai

Mulongo. Tulifika jana jioni, nikalala kabla ya kula.

Asubuhi ukungu juu ya Lualaba. Mitumbwi inaingia na samaki. Mama Elodi na mama mkwe wanagombania bei na mvuvi mmoja, wote wawili kwa upande mmoja. Nawasikia kutoka hapa. Ngoie amekwenda kutafuta viboko na watoto wa huku.

Nimelala chini ya jipu peke yangu. Vistari vyekundu vinatazamana kama tulivyoviacha, jozi zote nane. Nimeweka spana kwenye nati ya kwanza. Imekataa. Ya pili. Imekataa. Nimezunguka zote.

Nikiwa bado chini nimeona visigino vinakuja. Vimesimama karibu na gurudumu la kulia. Hakuna mtu mwingine aliyekuwapo wa kupitishia neno, na kuku wa juzi hafungui kinywa mara mbili.

Ameinama kidogo, ameweka sahani chini mahali mkono wangu unapofika, bukari, ugali wetu, na samaki mzima mwenye kichwa. Ameondoka.

Nimekula hapo hapo chini ya gari. Kulikuwa na pilipili.